Uzi: Tulivyokarabati bafu kwa shilingi 1,300,000, na kwa nini fedha nyingi imefukiwa chini ya vigae

Wakuu, salaam.

Naomba nieleze kwa kirefu namna tulivyokarabati bafu la nyumbani kwetu Tabata, Dar es Salaam, kwa sababu naona watu wengi wenye fedha ndogo kama yetu wanaimalizia dukani kwenye vigae vya kupendeza na bomba la mvua linalong'aa, kisha baada ya mwaka mmoja au miwili wanarudi pale pale walipoanzia. Sisi wenyewe tulifanya hivyo mwaka 2017, na ukarabati wa safari hii ulikuwa kwa kiasi kikubwa kazi ya kurekebisha ukarabati ule.

Kilichotusukuma ni mama yangu mzazi. Tangu ahamie kwetu ameteleza bafuni mara mbili, na mara ya pili alikaa wiki tatu hawezi kuinuka kitandani bila kushikwa mkono. Sikuona tena sababu ya kungoja hadi fedha ikamilike. Tulikuwa na akiba ya shilingi 1,400,000, tukakubaliana mimi na mke wangu kwamba isizidi hapo.

Bafu lenyewe ni dogo, upana mita 1.5 na urefu mita 2.1, likiwa na choo cha kukaa, sehemu ya kuogea na sinki dogo la kunawia. Ukuta mmoja unatenganisha bafu na chumba cha kulala cha watoto, na huko ndiko dalili zilikoanza: rangi ilikuwa inabambuka usawa wa goti, na chini yake kukatokea unga mweupe kama chumvi, ambao ukifutwa leo unarudi baada ya wiki chache. Unga huo ni alama ya maji yanayopita ndani ya tofali na kubeba chumvi za saruji na mchanga hadi nje. Watu wengi hukwangua, wakapaka rangi mpya na kuendelea na maisha, nami nilishafanya hivyo mara tatu. Dalili ya pili ilikuwa harufu ya chooni, ambayo ilizidi usiku. Ya tatu niliigundua nilipogongagonga vigae vya sakafuni kwa mpini wa bisibisi: vile vilivyoshika vilitoa sauti nzito, na karibu nusu yake vilivuma kama mtungi mtupu.

Siku ya kubomoa nilikuwapo, na ninamsihi kila mwenye kazi kama hii awepo siku hiyo. Fundi aliingiza tindo pembeni mwa kigae kimoja karibu na sehemu ya kuogea, akagonga mara moja tu, kigae kikanyanyuka kizima. Mgongo wake ulikuwa safi kama sahani iliyotoka dukani. Katikati palikuwa na alama ya donge moja la udongo wa saruji lenye ukubwa wa kiganja, na kwenye pembe zote nne palikuwa wazi, na ndani ya uwazi huo mlikuwa na maji meusi yaliyotuama. Tulikuwa tunakanyaga juu ya dimbwi kwa miaka. Yule aliyebandika mwaka 2017 alikuwa anaweka donge katikati, anapachika kigae, anagonga kwa mpini wa nyundo mpaka kinalingana na mwenzake, basi. Ukiangalia kwa juu kazi ilikuwa nzuri sana, na nakumbuka tulimpongeza na kumwongezea hela ya nauli.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kigae hakizuii maji. Kigae ni nguo ya juu, na maji hupita kwenye maungio kila siku hata kazi ikiwa nzuri kiasi gani, hivyo kinachoamua kama nyumba itabaki kavu ni mteremko wa sakafu, dawa ya kuzuia maji iliyopakwa chini ya vigae, na bomba zilizofukiwa. Vitu hivyo vitatu haviwezi kurekebishwa baadaye bila kuvunja, wakati bomba la mvua, kioo, sinki na rangi vinaweza kubadilishwa Jumamosi yoyote hela ikipatikana. Kwa hiyo nilianza na vile visivyoonekana, na kilichobaki ndicho kilichokwenda kwenye vinavyoonekana.

Tulianza na bomba. Zile za zamani za chuma zilikuwa zimeliwa na kutu kwa ndani, jambo la kawaida katika maeneo ya Dar es Salaam ambako watu wanatumia maji ya kisima yenye chumvi. Tukaweka bomba za plastiki za PPR, zile zinazounganishwa kwa kuyeyushwa na mashine ya moto, na kabla ya kuzifunika kwa lipu tulifunga miisho yote, tukafungulia maji na kuyaacha yakae ndani usiku kucha. Asubuhi nilipitisha karatasi ya chooni kavu kwenye kila kiungo, kwa sababu karatasi huonyesha unyevu ambao jicho halioni. Kiungo kimoja kilikuwa kinatoa jasho. Kukikata na kukiunga upya kulichukua robo saa, na kama lipu ingekuwa imeshapigwa tungekuja kukisikia kwenye ukuta wa watoto.

Kuhusu maji machafu, choo kinahitaji bomba la milimita 100 na sehemu ya kuogea milimita 50, na bomba hilo la chooni lilale kwa mteremko wa sentimeta 2 hadi 2.5 kwa kila mita hadi kwenye chemba, yaani kile kisima kidogo cha nje kinachopokea maji machafu. Chanzo cha harufu kilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Tundu la kutolea maji sakafuni halikuwa na trapu hata kidogo. Bomba lilikwenda moja kwa moja hadi chemba, na hewa ya shimo ikawa inapanda bila kizuizi pamoja na mende. Trapu ni kile kiungo kilichopinda kinachobakiza maji ya kina cha sentimeta 5 hivi, na maji hayo ndiyo mlango unaozuia hewa chafu. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na dawa za kunukisha ambazo tumenunua kwa miaka yote hiyo. Mwenye bafu la wageni lisilotumika mara kwa mara amwage kikombe cha maji kwenye tundu kila wiki, maana trapu ikikauka harufu inarudi.

Sasa mteremko wa sakafu, ambao kwangu ndio moyo wa kazi yote. Sakafu ya bafu inatakiwa ishuke kuelekea kwenye tundu kwa sentimeta 1 hadi 2 kwa kila mita. Kwetu, kutoka mlangoni hadi tundu ni kama mita 2, kwa hiyo tulishuka sentimeta 3, na mlangoni kwenyewe sakafu ya bafu tuliiweka chini ya ile ya ukumbi kwa sentimeta 2 ili maji yasitoke nje. Fundi hupima kwa kamba na pima maji, lakini mimi nilichukua gololi ya mwanangu nikaiweka kwenye kila pembe baada ya sakafu kukauka. Kutoka pembe tatu ilikwenda yenyewe hadi kwenye tundu. Kutoka pembe ya nne, nyuma ya choo, ilisimama njiani. Fundi aliniambia kwamba vigae vitasawazisha, nikamwomba kwa heshima tusiendelee, akakwangua na kuongeza udongo pale, na gololi ikafika. Mchanga tulitumia wa mtoni uliochekechwa, kwa uwiano wa saruji ndoo moja na mchanga ndoo nne, na sakafu ilimwagiliwa maji kwa siku saba kabla ya kuachwa ikauke. Mchanga wa baharini usiuguse hata ukipewa bure.

Dawa ya kuzuia maji ni mahali ambapo watu wengi hubana matumizi, na ninasema kwa uchungu kwamba ndipo pasipostahili kubanwa. Tulinunua ile ya kuchanganya unga wa saruji na maji yake ya mpira, ikapakwa kwa brashi mikono miwili, yaani tabaka mbili, wa pili ukikatiza wa kwanza, sakafu nzima na kupanda ukutani sentimeta 30 kuzunguka chumba, isipokuwa sehemu ya kuogea ambako ilipanda hadi mita 1.8. Kwenye kona zote za sakafu na ukuta, na kuzunguka kila bomba linalotokeza, kuliwekwa utepe wa kitambaa katikati ya mikono hiyo miwili, kwa sababu kona ndiko nyufa zinakoanzia nyumba inapotulia.

Dawa ilipokauka kwa siku mbili tuliziba tundu kwa mfuko wa nailoni uliojazwa mchanga, tukamwaga maji mpaka yakafunika sakafu nzima hadi upande wa juu, na nikachora mstari wa penseli ukutani saa 7 mchana. Kesho yake saa 7 maji yalikuwa yameshuka upana wa kidole. Joto la Dar linakausha kidogo, lakini si kidole kizima kwa siku moja katika chumba kilichofungwa. Tulitoa maji, tukakausha, tukakagua sakafu kwa tochi na kuona ufa mwembamba kama unywele kuzunguka bomba la choo, ambako utepe ulikuwa haukushika. Ilibidi ninunue kopo jingine la dawa kwa shilingi 60,000 ambazo sikuzipangia, na kazi ikachelewa siku nne. Jaribio la pili mstari haukusogea. Katika kazi yote hii, hakuna shilingi 60,000 iliyonipa usingizi mzuri kuliko hizo.

Vigae nitavipitia kwa haraka. Kuvisha kuta zote vigae hadi darini, dari ikiwa mita 2.7, kungehitaji mita za mraba 17 na ushei, bila sakafu. Sisi tulivisha sehemu ya kuogea peke yake, pande tatu kwa urefu wa mita 1.8, ambazo ni chini kidogo ya mita za mraba 6, na sakafu ni mita 3.15. Ukiongeza asilimia 10 ya kukatika na kuvunjika unapata mita 10 kamili. Kuta zilizobaki zilipigwa lipu laini, zikapakwa niru (ule unga mweupe wa kulainishia ukuta) na rangi ya mafuta, na hadi leo hazijapata ukungu kwa sababu dirisha la luva liko juu na linafunguliwa kila siku. Kwa sakafu tulichukua vigae vya sentimeta 30 kwa 30 vyenye uso wa kukwaruza, vilivyotengenezwa hapa nchini. Viwanda vya Mkuranga na Chalinze vimesaidia sana kushusha bei. Vile vikubwa vya sentimeta 60 ni vizuri sebuleni, lakini bafuni havikubali mteremko wa kuelekea kwenye tundu bila kukatwakatwa. Hakikisha pia namba ya toleo kwenye maboksi yote ni moja, kwani rangi hutofautiana kati ya toleo na toleo hata kama jina la kigae ni lile lile. Gundi ilisambazwa kwa mwiko wa meno sakafu nzima, na kila baada ya vigae vichache nilimwomba fundi anyanyue kimoja tuone mgongo wake kama umeshika wote.

Choo hatukununua. Bakuli lilikuwa zima, tukabadilisha mashine ya ndani ya tanki na mpira wa chini. Ukitaka kujua kama tanki lako linavujisha, weka rangi ya chakula ndani yake jioni, usivute maji kwa nusu saa, kisha angalia bakuli. Ukikuta rangi imeshuka, ujue unalipia maji ambayo hukuyatumia.

Kishikio cha mama kilitengenezwa na fundi wa kuchomelea kwa bomba la chuma kisichoshika kutu, kikafungwa kwa boliti ndefu zinazoingia ndani ya tofali, usawa wa sentimeta 85 kutoka sakafuni. Boliti zilifungwa kabla ya vigae na kuzungushiwa dawa. Kabla hajakitumia nilining'inia hapo kwa uzito wangu wote.

Fedha ilikwenda hivi: bomba na viungo 150,000, saruji na mchanga 120,000, dawa ya kuzuia maji 180,000 pamoja na lile kopo la pili. Hizo ni 450,000, zaidi ya theluthi ya gharama yote, na hakuna mgeni atakayeziona. Vigae vilikuwa 180,000. Ufundi ulikuwa 420,000 kwa wabomoaji, fundi bomba na fundi vigae, na iliyobaki iligawanyika kwenye bomba la mvua, vifaa vya tanki, kishikio, rangi, mlango ulioliwa chini na guta la kubebea kifusi. Vifaa nilinunua mwenyewe kwa orodha ya fundi, baada ya kuipitisha kwenye maduka matatu ya Kariakoo, na ufundi nililipa kwa hatua: baada ya jaribio la bomba, baada ya jaribio la maji ya sakafuni, na baada ya vigae. Fundi mzuri hachukii utaratibu huo, kwa kuwa naye unamlinda.

*

Mchangiaji, Arusha: Mkuu, asante kwa uzi wenye mafunzo. Huku kwetu baridi ya mwezi wa saba haivumiliki, na kila mtu anaweka kichwa cha mvua kinachopasha maji kwa umeme. Je, kwa bajeti ndogo unashauri?

Mleta uzi: Mkuu, kifaa chenyewe ni nafuu, gharama iko kwenye waya, na hapo nakuomba usipunguze hata senti. Kichwa cha wati 5,500 kwenye umeme wa volti 230 kinavuta ampea 24 hivi, kwa hiyo hakiwezi kuunganishwa kwenye waya wa soketi au wa taa kama nilivyoona kwenye nyumba kadhaa. Kinahitaji waya wake peke yake wa milimita za mraba 6 kutoka kwenye kasha la umeme, swichi yake kubwa iliyo mbali na maji, waya wa arthi unaofika kweli ardhini, na kifaa cha kukata umeme pale unapovuja hata kidogo. Kama fedha haitoshi kwa hayo yote, kwa mwaka huu pasha maji jikoni na uweke tu bomba la plastiki tupu ndani ya ukuta la kupitishia waya baadaye, ili usije kuvunja vigae. Kuhusu LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, dakika kumi za kuoga zinakula karibu uniti moja.

Mchangiaji, Mombasa: Ndugu, shikamoo kwa kazi. Mimi naishi Mji wa Kale katika nyumba ya marehemu babu, ya mawe ya matumbawe na chokaa, na bafu letu liko ghorofani juu ya boriti za mikoko. Fundi anataka kumwaga zege la inchi nne kisha vigae. Nyumba hizi zamani zilikuwa na birika la maji bafuni, lililotiwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na sakafu ya chokaa iliyosuguliwa, na hazikuvuja.

Mleta uzi: Marahaba, ndugu yangu. Nakusihi umzuie kwanza. Zege la inchi nne lina uzito wa zaidi ya kilo 200 kwa kila mita ya mraba, na boriti hizo hazikuwekwa kwa mzigo huo, hasa kama vichwa vyake vilivyoingia ukutani vimeshaanza kuoza kwa unyevu. Jambo la pili ni kwamba ukuta wa chokaa unapumua. Ukiuvisha saruji ngumu, unyevu unafungiwa ndani na mawe yanaanza kumomonyoka nyuma ya kigae. Tafuta fundi wa chokaa, afunue mwisho wa boriti mbili tatu azichome kwa kisu aone kama ni ngumu, kabla hujanunua chochote. Na kwa kuwa nyumba iko Mji wa Kale, waulize kwanza wanaosimamia uhifadhi wa majengo hapo kabla ya kubadilisha.

Mchangiaji, Mwanza: Kaka, mimi ni mpangaji, sina ruhusa ya kuvunja, na nina shilingi 100,000 tu. Maungio ya vigae yameingia weusi na maji yanatoka hadi ukumbini. Nifanyeje?

Mleta uzi: Dada, kwa hiyo laki moja kuna kazi kubwa inaweza kufanyika. Gonga vigae kwanza kama nilivyoeleza. Kama vingi vimeshika, kwangua maungio yote ya sehemu ya kuogea kwa kisu cha kukwangulia mpaka kina cha milimita 3 hivi, safisha, acha yakauke siku mbili bila kuoga hapo, kisha jaza grauti mpya, yaani ule unga maalumu wa kujazia maungio ya vigae. Usitumie simenti nyeupe peke yake, kwa sababu inanywa maji na weusi utarudi kabla ya mvua za masika kuisha. Grauti ichanganywe nzito kama ugali mlaini. Ikiwa kama uji itapasuka ikikauka. Kwenye kona za ukuta na sakafu usiweke grauti, weka silikoni ya bafuni inayozuia ukungu, kwani kona hucheza. Mlangoni bandika kizingiti cha alumini cha sentimeta 2 kwa silikoni hiyo hiyo, na maji hayatafika ukumbini. Kabla ya yote, piga picha, mwonyeshe mwenye nyumba, na muandikiane kwa ujumbe wa simu kwamba gharama itakatwa kwenye kodi ya mwezi unaofuata. Wengi hukubali wakiona picha ya ukuta wa upande wa pili ulivyolowa, kwa hiyo picha hiyo usiache kuipiga.